Shangazi, mwanangu anauliza mkono wake utaota lini

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 27, naishi Ujiji, nauza dagaa. Sijawahi kumwandikia mtu jambo la nyumbani kwangu, lakini hili limenikaa kooni wiki mbili sasa.

Binti yangu ana miaka 6, ndiye kifungua mimba wangu. Alizaliwa hana mkono wa kulia kuanzia chini kidogo ya kiwiko. Kiwiko anacho na anakikunja vizuri. Mbele ya kiwiko kuna kipande kifupi, upana wa vidole vyangu vinne, na kwenye ncha yake kuna vijinundu vitano kama punje za mtama, pale ambapo vidole vingekuwa. Ni mtoto mchangamfu. Chupa ya maji anaibana kwapani na kuifungua mwenyewe. Tukianika dagaa anabeba beseni kiunoni, amelikumbatia kwa ule mkono mfupi, anatawanya kwa huu mwingine, na hamwagi.

Sasa, wiki mbili zilizopita aling'oka jino la mbele la chini. Tukalirusha juu ya bati kama tulivyofanyiwa sisi, nikamwambia jingine litaota. Usiku, nimeshamchomekea chandarua, akaniuliza: "Mama, jino likishaota, na mkono wangu utaota?" Shangazi, nilikosa la kusema. Nikamjibu, "Utaota mwanangu, lala." Tangu siku hiyo kila akiamka anapitisha ulimi penye pengo, kisha anavishikashika vile vijinundu kimoja kimoja. Juzi kaja mbio jikoni: "Mama, hiki kimekua!" Niligeukia sufuria ili asinione uso.

Hilo ndilo kubwa, ila haliko peke yake. Tunaishi na mama mkwe. Ni mtu wa dini, na sisemi hampendi mjukuu wake, maana mtoto akiwa na homa yeye ndiye anayekesha. Lakini hawezi kuvumilia kumuona anakula kwa kushoto. Anasema mkono wa kushoto ni wa chooni. Sinia likiwekwa, mtoto anatengewa sahani yake pembeni na kijiko. Wageni wakija anavalishwa sweta la mikono mirefu, na joto la huku unalijua, halafu ule mkono wa sweta unachomekwa mfukoni. Nisijitoe, na mimi nikienda naye sokoni namfunika kwa mtandio.

Mama mkwe anasema mtoto alizaliwa hivi kwa sababu nilimcheka mlemavu nikiwa mjamzito. Sikumbuki kumcheka mtu. Ninachokumbuka ni kwamba mimba ikiwa changa, kabla sijajua kama ninayo, niliumwa kichwa nikameza panadol siku tatu mfululizo. Hicho ndicho kinachonikosesha usingizi. Siku hizi anamnong'oneza mwanawe aongeze mke, eti tumbo langu haliaminiki.

Mume wangu hasikilizi maneno hayo, ila yeye ana lake. Ni mvuvi, ana injini ya mtumbwi aliyoinunua kwa jasho la miaka minne. Mtu kamwambia Dar es Salaam kuna mikono ya bandia ya umeme, vidole vinafumba na kufumbua. Sasa ni mbalamwezi, hawaendi ziwani, yuko nyumbani, na kila jioni ni hesabu ya kuuza injini. Naogopa kumkatalia nisionekane simtakii mwanangu mema.

La mwisho ni shule. Nilienda kuulizia nafasi ya darasa la kwanza. Mwalimu alimtazama akasema hawamuwezi, nimpeleke shule maalumu. Akaniuliza mtoto akiwa amesimama palepale: "Sasa huyu ataandikaje?" Shangazi, mwanangu anaandika jina lake lote tangu mwaka jana. Hakuulizwa.

Nimwambie ukweli nimvunje moyo, au niache agundue mwenyewe akikua? Na hayo mengine niyaanzie wapi?

Mama wa Ujiji

*

Marahaba mwanangu, na pole, hasa kwa hizo asubuhi.

Mwambie ukweli, tena wiki hii. Kila akiamka na kuvihesabu vile vijinundu anangoja kitu ambacho hakiji, na siku jino litakapotokeza atajiuliza amekosa nini mpaka jino limekubali na mkono umekataa. Watoto wa umri huo hujilaumu upesi sana, na hawasemi.

Jino lenyewe ndilo litakalokusaidia. Chini ya kila jino la utoto, ndani ya fizi, jino la ukubwani huwa limekwisha kuanza kujitengeneza, ndilo linalokuja kuchukua nafasi. Basi mkae mahali tulivu, mshike ule mkono mfupi, umwambie kwa maneno yako mwenyewe: "Siku ile nilikosea. Jino linaota kwa sababu lina mbegu yake ndani ya fizi. Mkono hauna mbegu. Mkono wako utakua pamoja na wewe, lakini vidole havitaota. Hukufanya kosa lolote. Ulizaliwa hivi." Halafu nyamaza. Usikimbilie kumwambia kwamba Mungu ana makusudi au kwamba atakuwa mtu mkubwa. Akilia, mwache alie mapajani mwako. Pengine hatalia, atauliza kama kuna ubwabwa. Atakuuliza tena kesho, na tena mwezi ujao, nawe mjibu vilevile kila mara.

Unaogopa kumvunja moyo. Ngoja nikuambie kilichomvunja moyo mdogo wangu. Alizaliwa na mguu mmoja mfupi, sisi tukiishi Tabora. Mama yetu alimpenda kupita sote, na kila mgeni alipopiga hodi, mama alichukua kanga akamfunika miguu. Hivi karibuni tu, sote tuna mvi, nilimuuliza ni kitu gani kilimuuma zaidi utotoni. Nilitegemea ataje watoto waliokuwa wakimwita kiguru. Akasema ni ile kanga. "Watoto walinitania, nami nikawatania. Lakini mama alikuwa hakosei, kwa hiyo mama akiufunika mguu wangu nilijua ni kitu kibaya kweli." Mama alishakufa. Angejua, angeichoma ile kanga kwa mkono wake.

Kwa hiyo sweta livuliwe, mwanangu, na mtandio uwe wako tu. Sokoni watatazama. Watu hutazama wasichokizoea, na Ujiji ni mji wa kujuana, watu wakishamuona mara kumi watazoea. Wakimuona nusu nusu chini ya mtandio hawatazoea kamwe.

Sasa panadol. Weka hilo chini leo, ulale. Mikono na miguu ya mtoto tumboni huumbika mapema mno, kati ya wiki ya 4 na ya 8 tangu mimba kutunga, wakati wanawake wengi hata hawajajua kama ni wajawazito. Katika siku hizo chache damu ikipungua kufika kwenye kijimkono kinachochipua, mkono husimamia hapo ulipofika. Wakati mwingine utando wa mfuko wa maji unaomzunguka mtoto tumboni huchanika na nyuzi zake kukibana kiungo. Kwa watoto wengi madaktari hawapati sababu yoyote ya kuitaja. Dawa iliyojulikana dunia nzima kwa kudhuru viungo vya watoto ni thalidomide, iliyoanza kuuzwa Ujerumani 1957 na kuondolewa madukani huko 1961 baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na mikono na miguu mifupi. Panadol haimo kwenye kisa hicho. Wala kicheko hakimo. Kama kumcheka mtu kungekata mikono, mitaa yetu ingekuwa na wenye mikono wachache sana. Na kuhusu tumbo lisiloaminika: mtoto akizaliwa na mkono mmoja mfupi, na viungo vingine vyote viko sawa, mara nyingi jambo hilo halirithiwi wala halijirudii kwa mdogo wake. Mpeleke mara moja daktari amtazame mwili mzima, moyo na mgongo pia, akuthibitishie kwa mdomo wake, na mume wako awepo asikie.

Nije kwenye injini, na hapa nitasema kwa nguvu kidogo: isiuzwe. Mwambie baba yake kwamba Shangazi anamheshimu kwa kuwa tayari kuuza kitega uchumi chake kwa ajili ya binti. Akina baba wa hivyo nawaombea dua. Lakini mkono wa bandia haununuliwi mara moja kama injini. Mtoto anakua. Kile kikombe kinachovaliwa kwenye mkono hubana, na kwa umri wake hubadilishwa takriban kila mwaka. Mkono wa umeme ni mzito, unataka kuchajiwa, hautaki maji wala mchanga, na mtaalamu wa kuutengeneza hayuko Kigoma, yuko zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Mwaka wa kwanza ukiharibika, injini imekwenda na mkono umelala juu ya kabati.

Liko jambo jingine ambalo sisi wenye mikono miwili hatulijui mpaka tuambiwe. Ngozi ya ule mkono mfupi inahisi. Inajua joto, inajua baridi, inajua ukingo wa beseni uko wapi. Ukiuvika plastiki, unaupofusha. Ndiyo maana watoto wengi waliozaliwa bila kiganja na kiwiko chao ni kizima hupewa mkono wa bandia wakauvua, wakarudi kwenye ule wao. Wewe mwenyewe umeniandikia jinsi anavyobeba beseni. Huyo ana kiungo kinachofanya kazi, nami nisingependa afundishwe kukidharau.

Sisemi asipimwe. Anzeni hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Maweni, muombe rufaa kwa wataalamu wa viungo bandia. Wapo MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wapo hospitali ya CCBRT Dar es Salaam, na wapo hospitali ya KCMC Moshi, ambako tangu 1981 kuna chuo kinachofundisha mafundi wa viungo hivyo kutoka nchi nyingi za Afrika. Waulizeni kuhusu vifaa vidogo vya kazi maalumu, kama kishikio cha usukani wa baiskeli au cha mpini wa jembe, ambavyo mtoto huvaa akihitaji na kuvua akimaliza. Akifika miaka 12 au 15 akasema mwenyewe anataka mkono wa bandia, hata kama ni wa urembo tu wa kuvaa harusini, hapo msikilizeni. (Na msomaji mwingine ambaye mwanao hana mguu, usichukue ushauri huu ukauvaa wewe. Mguu ni habari tofauti: mtoto huanza kupewa mguu wa bandia anapojaribu kusimama, karibu na mwaka mmoja, kwa hiyo usingoje.)

Sasa sinia. Nimelifikiria sana hili, kwa sababu ukweli ni kwamba mama mkwe wako hana roho mbaya, ana adabu aliyolelewa nayo, na adabu hiyo ni yetu sote. Lakini amri ya kula kwa mkono wa kulia ni ya mwenye mkono wa kulia. Wanazuoni wamekwisha kusema kwamba mwenye udhuru anakula kwa kushoto na hana dhambi, na mwisho wa Sura al-Baqara tunasoma kwamba Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Usimwambie wewe. Mama mkwe hafundishwi dini na mkamwana. Mume wako amwendee imamu wa msikiti wenu, amkaribishe kahawa nyumbani, na imamu alizungumze hilo mtoto akiwa hapo, akimwita akae naye kwenye sinia. Bibi akiona imamu anachovya bakuli moja na mjukuu wake, sahani ya pembeni itakuwa ngumu kuitetea.

Nawe umsaidie bibi kwa upande wako, maana shaka yake ina chembe ya haki: mkono ni mmoja, na unafanya yote. Mfundishe mtoto usafi mpaka uwe wimbo. Weka ndoo yenye koki, na kipande cha sabuni ndani ya wavu uliofungwa kwenye kigingi, apake sabuni bila kuishika. Kiganja anakisugua kwenye mkono wake mfupi, mgongo wa kiganja vilevile, na kucha uzikate fupi. Nje ya choo mtengenezee kibuyu chirizi, lile dumu la kuning'inia ambalo ukikanyaga kijiti maji yanamwagika; hakihitaji mkono wa pili. Chooni mwenyewe umfundishe sasa, polepole, nguo ya lastiki badala ya zipu, kopo lenye mpini, ili shuleni asimhitaji mtu. Mambo haya hatuyaandiki sana, lakini mtoto akishindwa kwenda chooni peke yake, shule inamshinda siku ya kwanza, wala si kwa sababu ya kalamu.

Kwa yule mwalimu, rudi. Rudi na baba yake, na daftari. Mtoto aketi, aandike jina lake mbele yake, ukurasa ameushikilia kwa mkono mfupi. Walimu wengi wanaosema "hatumuwezi" hawajawahi kuona, na wakiona hubadilika. Asipobadilika, usigombane naye. Nenda kwa afisa elimu kata, kisha manispaa kwa afisa elimu maalumu, na umjulishe pia afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa mwanao haki ya elimu kama mtoto mwingine yeyote, na shule za msingi za serikali ni bila ada. Shule maalumu zina kazi yake kubwa na naziheshimu. Mtoto anayesikia, anayeona, anayeandika na kukimbia hana analokwenda kutafuta huko.

Akipokelewa, muombe mwalimu amketishe mwisho wa dawati upande wa kushoto, ili kiwiko chake kisigongane na cha mwenzake wakiandika. Mkoba avae mabegani mote mawili, mzigo usimlemee upande mmoja. Viatu viwe vya kubandika mpaka atakapoamua mwenyewe kujifunza kamba. Atajifunza, watu wenye mkono mmoja hufunga kamba, ila si lazima iwe Januari.

Wenzake watauliza. Wengine watamwita kigutu. Hapo mpe jibu lake, fupi, alijue kama anavyolijua jina lake: "Nilizaliwa hivi. Hauumi. Tucheze?" Mfanye mazoezi nyumbani, wewe ukijifanya mtoto mkorofi, baba yake naye ajaribu. Watoto wakishajibiwa hugeukia mpira. Wanaoendelea kutania ni wale waliomuona mwenzao anaficha.

Na umuombe mwalimu kitu kimoja ambacho huenda hajakifikiria. Lugha yetu imejaa mikono. Mkono mmoja haulei mwana, mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Siku methali hizo zikiandikwa ubaoni darasa zima litageuka kumtazama yeye. Sitaki ziondolewe, ni mali yetu. Nataka mwalimu ajue, apitie hapo kwa upole. Ile nyingine, "hujafa hujaumbika", mimi sipendi isemwe mbele ya mtoto hata kwa nia njema ya kumkemea anayemcheka. Maana yake ni "tahadhari, hata wewe unaweza kuwa kama huyu", na huyo anayetajwa amesimama hapo anasikiliza. Mtu akimcheka mwanao, sema tu, "Muache, anaitwa fulani, muulize mwenyewe."

Basi anza na jino. Mengine yatafuata, sinia kwa imamu, shule kwa daftari, injini ibaki kwenye mtumbwi mpaka giza lirudi. Mama mkwe msalimie sana, umwambie namshukuru kwa zile usiku anazokesha. Na binti akishaanza shule niandikie tena, uniambie rafiki yake wa kwanza anaitwa nani.

Shangazi